Mwanga na chumba cha giza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanafunzi wa upigaji picha

Majibu haya yanamhusu mwanafunzi anayepiga picha kwa filamu nyeusi na nyeupe, kisha akaisafisha (kuitoa picha kwa dawa) na kuichapa mwenyewe. Tumeanza na taa kwa sababu kasoro nyingi tunazoisingizia dawa huwa zimetokea tangu wakati wa kupiga. Mchanganyiko ukiandikwa 1+4, maana yake ni sehemu moja ya dawa na sehemu nne za maji.

Nina taa moja tu. Inatosha kwa majaribio?

Inatosha, na kwa anayeanza ni bora kuliko taa tatu. Taa mbili zikikosewa kwa pamoja, hujui ipi imeharibu. Chukua kitu kisichochoka kukaa, mfano yai jeupe au kichwa cha plasta, ukipige taa ikiwa mbele, kisha ikiwa pembeni kwa digrii 45, kisha ubavuni kwa digrii 90, kisha nyuma. Umbali na kimo cha taa visibadilike. Rudia mzunguko huohuo taa ikiwa imeinuliwa juu.

Ukifika kwa mtu, tazama kivuli cha pua. Taa ikiwa juu kidogo na pembeni kiasi cha digrii 45, kivuli cha pua hukutana na kivuli cha shavu na kuacha pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho la upande wa giza. Huo ndio mpangilio unaoitwa wa Rembrandt. Pembetatu ikipotea kwa giza, taa imekwenda pembeni mno; ikisambaa hadi shavu lote, taa imerudi mbele mno. Macho yakikosa nukta ya mwanga, taa iko juu kupita kiasi.

"Taa ya pili" iwe kadibodi nyeupe upande wa kivuli. Isogeze kutoka mita moja na nusu hadi nusu mita huku ukipima. Kisha weka kadibodi nyeusi mahali palepale. Wengi hushangaa jinsi inavyozidisha kivuli, kwa sababu hawakujua kwamba kuta nyeupe za chumba zilikuwa zinarudisha mwanga muda wote.

Kwa nini nikiirudisha taa nyuma kidogo tu, picha inakuwa nyeusi?

Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaomfikia mhusika ni robo, si nusu. Kama kwenye mita 1 ulipata f/16 (f ni ukubwa wa tundu la lenzi; namba ikishuka, tundu hupanuka), kwenye mita 1.4 utapata f/11, mita 2 f/8, mita 2.8 f/5.6, na mita 4 f/4. Mfululizo wa mita ni uleule wa namba za tundu la lenzi, kwa hiyo ukizikariri za lenzi umekwisha kuzijua za umbali.

Faida kubwa ya kanuni hii iko kwenye ukuta wa nyuma. Mhusika akiwa mita 1 kutoka kwenye taa na ukuta mita 1 nyuma yake, ukuta hupata mwanga pungufu kwa stopu 2 (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu) na huchapika karibu na weusi. Rudisha taa hadi mita 4 bila kumsogeza mhusika: sasa ukuta uko mita 5 kutoka kwenye taa, na tofauti imeshuka hadi theluthi mbili tu za stopu. Ukuta uleule wa kijivu umekuwa mweusi au mwepesi bila kupakwa rangi. Hesabu hii haifanyi kazi kwa dirisha kubwa lililo karibu, maana chanzo hicho si kidogo.

Mwanga laini unatokana na nini? Nimeweka kitambaa juu ya taa lakini vivuli bado ni vikali.

Unatokana na ukubwa wa chanzo ukilinganishwa na umbali wake kutoka kwa mhusika. Kitambaa kilichobanwa mdomoni mwa taa hakijaongeza ukubwa wowote. Kimepunguza nguvu tu. Kitambaa hichohicho kikitandazwa kwenye fremu ya mita moja kwa mita moja, taa ikae nyuma yake kwa umbali unaotosha kukijaza chote, kitambaa ndicho kinakuwa taa. Mwavuli wa sentimita 100 ukiwa mita 1 kutoka usoni ni laini. Ukiwa mita 5 ni mkali, hata kama lebo yake inasema vingine. Jua ni kubwa mno, lakini kwa umbali wake linatoa vivuli vikali.

Tofauti ya mwanga kati ya pande mbili za uso iwe kiasi gani?

Pima upande wenye mwanga, kisha upande wa kivuli. Tofauti ya stopu 1 ni 2:1, stopu 2 ni 4:1, stopu 3 ni 8:1. Kwa picha ya uso itakayochapwa bila kuhangaika, 4:1 ni pa kuanzia.

Jaribio tunalolipendekeza kuliko yote katika ukurasa huu ni hili. Kwenye filamu moja piga uso uleule kwa 2:1, 4:1 na 8:1, upande wa mwanga ukipata kipimo kilekile. Safisha filamu kama kawaida. Kisha chapa zote tatu kwa filta namba 2 na sekunde zilezile (filta za kuchapia hubadilisha tofauti ya weusi na weupe; namba ikipanda, tofauti huongezeka). Picha ya 2:1 itaonekana bapa. Ya 8:1 itakuwa na kivuli kisicho na chochote ndani, hasa kama nguo ni nyeusi. Sasa jaribu kuiokoa ya 2:1 kwa filta namba 4: itakubali. Ya 8:1 ukiishusha kwa filta namba 1, kivuli kitakuwa kijivu, lakini nyuzi za nguo hazitatokea, kwa sababu hazimo kwenye negativu, yaani filamu iliyosafishwa. Kivuli hupatikana wakati wa kupiga. Sehemu angavu ndizo zinazodhibitiwa wakati wa kusafisha.

Nikitumia flashi, sehemu ya picha inatoka nyeusi.

Shata, yaani mlango wa kamera unaopitisha mwanga, imepita kasi inayokubaliana na flashi. Shata ya kamera nyingi za filamu ina pazia mbili: kwenye kasi kubwa, ya pili huanza kufunga kabla ya kwanza kumaliza kufungua, na flashi humulika upenyo tu. Kikomo hutofautiana kwa kamera: nyingi za zamani ni 1/60, nyingine 1/125 au 1/250. Mara nyingi kimeandikwa kwa rangi tofauti au alama ya umeme kwenye kitufe cha kasi.

Chini ya kikomo hicho, kasi ya shata haibadilishi mwanga wa flashi, maana mmweko huwa umekwisha kabla shata haijafunga. Flashi hudhibitiwa kwa tundu na umbali. Shata hudhibiti mwanga wa kawaida wa mahali hapo. Flashi isiyojipima huwa na namba ya mwongozo: igawe kwa umbali upate tundu. Namba 32 kwa mita, filamu ya ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kwa mwanga), mhusika mita 4: tumia f/8.

Mita ya mwanga inanipa kipimo kibaya kwa ngozi nyeusi sana na kwa nguo nyeupe. Kwa nini?

Mita ya ndani ya kamera hudhani kila kinachoonekana ni kijivu cha kati. Ngozi nyeusi ikijaza fremu, mita huongeza mwanga mpaka ngozi iwe kijivu. Shuka jeupe nalo hulipunguza mpaka liwe kijivu. Kwa ngozi nyeusi sana punguza stopu 1 kutoka kwenye kipimo, kwa nguo nyeupe ongeza stopu 1 na nusu hadi 2. Suluhisho safi zaidi ni kupima mwanga unaoingia: mita ya mkononi yenye kibonge cheupe, iwekwe usoni na ielekezwe kwenye kamera. Usipokuwa nayo, pima kadi ya kijivu ya asilimia 18.

Ngozi nyeusi hupendeza zaidi kwa mng'ao kuliko kwa wingi wa mwanga. Weka chanzo kikubwa pembeni, hata nyuma kidogo ya bega, ili taswira yake iteleze kwenye shavu na paji. Kuongeza nguvu ya taa ya mbele huondoa umbo na hakuleti kitu.

Nataka kuchora kwa tochi gizani kwa filamu. Vipimo vyake?

Stendi ya miguu mitatu, waya wa kubonyezea, shata kwenye B (hubaki wazi kadiri unavyobonyeza), tundu f/8 au f/11. Vaa nguo nyeusi na usisimame. Kumbuka kwamba filamu huchoka kwenye sekunde ndefu: kwa filamu ya HP5 Plus, kipimo cha sekunde 10 huhitaji takriban 20, na cha sekunde 30 huhitaji karibu 86. Usipofidia, utaona mistari ya tochi imetoka vizuri lakini mandhari imepotea.

Chumba cha giza kinahitaji nini hasa?

Kinahitaji giza kamili, hewa inayopita, umeme na meza mbili. Maji ya bomba ndani si lazima. Picha zinaweza kukaa kwenye ndoo ya maji na kuoshwa baadaye kwingine. Tenganisha upande mkavu (mashine ya kukuzia, karatasi, negativu) na upande mbichi (trei za dawa). Tone moja la fiksa (dawa inayoifanya picha isiharibiwe tena na mwanga) kwenye meza kavu huacha alama kwenye kila karatasi itakayoligusa.

Kupima giza, keti ndani taa zikiwa zimezimwa kwa dakika 5. Upenyo usioonekana mwanzoni utaonekana macho yakishazoea. Ziba kwa utepe mweusi.

Taa yangu nyekundu ni salama?

Kwa filamu za kawaida, hapana: zinaona rangi zote, na hupakiwa kwenye tangi gizani kabisa. Kwa karatasi, usiamini rangi ya balbu kwa macho; ipime. Wengi huweka sarafu juu ya karatasi mpya nyeupe, husubiri, husafisha, na wakiona nyeupe tupu hufurahi. Kipimo hicho kina udhaifu. Karatasi ambayo haijaguswa na mwanga huvumilia kiasi fulani kabla ya kuonyesha chochote, lakini ikishaangazwa na mashine huwa haina tena uvumilivu huo. Kwa hiyo kwanza iangaze kwa mashine kiasi cha kutoa kijivu chepesi, kisha weka sarafu, iache chini ya taa nyekundu dakika 5, isafishe. Ukiona duara la sarafu, isogeze taa mbali au weka balbu dhaifu zaidi. Umbali wa mita 1.2 kutoka kwenye trei ni wa kawaida.

Hatua za kusafisha filamu ni zipi, kwa namba?

Mfano ni HP5 Plus iliyopigwa kwa ISO 400, divelopa (dawa inayotoa picha) ya ID-11 iliyochanganywa 1+1, nyuzi joto 20.

1. Gizani kabisa, ingiza filamu kwenye rili kavu. Rili yenye unyevu huikamata filamu katikati. Ikikwama, usisukume, itoe na uanze upya.
2. Mimina divelopa. Filamu moja ya 35 mm kwenye matangi mengi ya plastiki huhitaji takriban ml 300. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kitako cha tangi. Washa saa.
3. Pindua tangi mara 4 ndani ya sekunde 10 za mwanzo, ligonge mezani lifukuze mapovu, kisha mara 4 mwanzoni mwa kila dakika. Jumla dakika 13.
4. Mwaga. Mimina asidi ya kusitisha, sekunde 30.
5. Fiksa ya haraka 1+4, dakika 3 hadi 5. Baada ya hapo unaweza kufungua.
6. Osha: jaza maji, pindua mara 5, mwaga, jaza, mara 10, mwaga, jaza, mara 20, mwaga. Maji yote yawe karibu na nyuzi 20.
7. Suuza kwa maji yaliyokenekwa (yasiyo na chumvi) yenye tone moja au mawili ya dawa ya kutelezesha maji. Tundika mahali pasipo na vumbi, kibanio kizito chini.

Maji yangu yana nyuzi 27. Nifanye nini?

Weka chupa za dawa ndani ya beseni la maji yenye barafu, ukikoroga na kusoma kipimajoto, hadi zifike 20. Barafu isiingie kwenye dawa yenyewe. Ikishindikana, fanya kazi kwa nyuzi 24 na upunguze muda: dakika 10 za nyuzi 20 huwa takriban dakika 7. Muda ukishuka chini ya dakika 5, dawa hufanya kazi kwa madoa madoa, kwa hiyo izimue zaidi ili muda urefuke. Baya kuliko joto lenyewe ni kurukaruka kwake. Filamu ikitoka kwenye nyuzi 26 ikaingia kwenye maji baridi, tabaka la jelatini hukunjamana na kuacha mtandao wa nyufa usiofutika.

Filamu imetoka vibaya. Nitajuaje kilichotokea?

Tazama kwanza namba zilizochapwa kiwandani pembezoni mwa filamu. Ndizo shahidi wako. Filamu ikiwa tupu kabisa lakini namba zipo na ni nyeusi, dawa ilifanya kazi: tatizo liko kwenye kamera, pengine filamu haikushika kwenye rili ya kuvutia. Namba nazo zikikosekana, divelopa ilikuwa imekufa au ulitanguliza fiksa. Picha zikiwa nyepesi na namba nazo nyepesi, ulisafisha kwa muda mfupi au dawa ilikuwa baridi. Picha nyepesi, namba nyeusi: ulipiga kwa mwanga mdogo.

Utando wa maziwa ni fiksa haitoshi. Irudishe kwenye fiksa mpya hata kama umeshawasha taa. Rangi ya zambarau hafifu huisha kwa kuongeza fiksa na kuosha. Vialama vya mwezi mwandamo ni mikunjo ya vidole wakati wa kupakia. Viduara visivyo na rangi ni mapovu. Mistari inayoanzia kwenye matundu ya pembeni ni kutikisa kwa nguvu kupita kiasi.

Nilipiga gizani kwa ISO 1600 kwenye filamu ya 400. Inaokoka?

Ndiyo, kwa kuongeza muda: HP5 Plus kwenye ID-11 isiyozimuliwa hutoka dakika 7.5 hadi 14. Ila muda huo hupandisha sehemu angavu na za kati. Vivuli visivyopata mwanga havitazaliwa na dawa, na chembe zitaonekana.

Kipande cha majaribio kinatengenezwaje ili kisomeke?

Ni kipande cha karatasi chenye kanda zilizoangazwa kwa sekunde tofauti. Fokasi mashine ya kukuzia kwanza, tundu lake likiwa wazi kabisa, kisha lifunge hadi f/8. Upande wa filamu usiong'aa utazame chini. Usiongeze sekunde 5, 5, 5: tofauti ya 5 na 10 ni stopu nzima, ilhali 25 na 30 hazitofautiani sana kwa macho. Tumia nusu stopu. Angaza karatasi yote sekunde 4, kisha funika ukanda mmoja baada ya mwingine ukiongeza 1.7, 2.3, 3.3, 4.7 na 6.6. Kanda zitakuwa zimepata 4, 5.7, 8, 11.3, 16 na 22.6. Saa isiyo na desimali? Funga tundu stopu 2, uzidishe zote kwa 4 na ukadirie kwa sekunde kamili.

Kilaze kipande pale penye uso au anga, si kwenye kona tupu. Kisafishe muda wote: dakika 1 kwa karatasi ya plastiki, 2 kwa ya nyuzi. Anayeitoa karatasi mapema kwa kuona inakuwa nyeusi hupata weusi wa matope na madoa, na hawezi kuirudia picha hiyo kesho.

Nichague filta namba ngapi?

Tafuta sekunde kwa kutazama sehemu angavu, kisha chagua filta kwa kutazama weusi. Sehemu angavu zikiwa sawa na weusi ni kijivu, panda namba. Weusi ukimeza kila kitu, shuka. Kwa filta za Ilford, 00 hadi 3½ hutumia sekunde zilezile, na 4 hadi 5 huhitaji mara mbili. Hukumu itolewe kwenye taa nyeupe ya kawaida, karatasi ikiwa imekaukakauka, maana picha nyingi hukolea kidogo zikikauka.

Nawezaje kung'arisha uso tu au kukoleza anga tu?

Kwa kung'arisha, shikilia kipande cha kadibodi kwenye waya mwembamba kati ya lenzi na karatasi kwa sehemu ya muda, mfano sekunde 3 kati ya 12. Kwa kukoleza, tumia kadibodi kubwa yenye tundu na uongeze muda. Kifaa kisitulie hata kidogo, vinginevyo utapata duara lenye ukingo. Anza na robo ya stopu. Uso uliong'arishwa kupita kiasi huonekana umebandikwa.

Majaribio gani yanafaa baada ya kuzoea?

Picha bila kamera ndiyo rahisi: panga majani, glasi au waya juu ya karatasi, angaza, safisha. Glasi ni tajiri kuliko vitu visivyopitisha mwanga, na taa ya pembeni huipa kivuli kirefu.

Kuchoma nusu njia, yaani athari ya Sabattier, huhitaji uvumilivu. Chapa picha kwa filta 4 au 5, ikiwa nyepesi kidogo. Baada ya sekunde 20 hivi kwenye divelopa, acha kutikisa, karatasi itulie chini ya trei, kisha washa balbu dhaifu (wati 15, mita 1.5 juu) kwa sekunde 1. Endelea bila kutikisa hadi dakika 1. Mistari myeupe mipakani mwa weusi na weupe hutokana na mabaki ya dawa yaliyotulia hapo; ukitikisa, unayaondoa. Ikigeuka nyeusi yote, punguza mwanga wa pili, si wa kwanza.

Asiye na mashine ya kukuzia atengeneze chapa za buluu, mbinu ya John Herschel ya mwaka 1842. Gramu 25 za sitrati ya chuma na amonia ya kijani kwenye ml 100 za maji. Gramu 10 za ferisianidi ya potasiamu kwenye ml 100 nyingine. Changanya sawa kwa sawa, paka kwenye karatasi nzito chini ya balbu dhaifu, kausha gizani, bana negativu juu yake kwa kioo, weka juani dakika 5 hadi 20, osha kwa maji mpaka umanjano uishe. Ferisianidi isikutane na asidi kali, hasa ya moto, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu.

Niandike nini daftarini?

Kwa kila picha: umbali wa taa, tofauti ya pande mbili kwa stopu, tundu, muda wa kusafisha na joto. Kwa kila chapa: kimo cha kichwa cha mashine, tundu, filta, sekunde, na mchoro mdogo unaoonyesha ulipong'arisha na ulipokoleza. Badilisha kitu kimoja kwa kila jaribio.

Dawa zinadumu muda gani, na nizimwage wapi?

Divelopa ya unga iliyokorogwa hudumu kama miezi 6 chupa ikiwa imejaa hadi shingoni. Hewa ndiyo adui. Iliyozimuliwa 1+1 hutumika mara moja. Fiksa ipime: chovya kipande cha mwanzo wa filamu, hesabu sekunde mpaka kiwe angavu, zidisha mara mbili upate muda wa kufiksi. Siku inapochukua mara mbili ya ilivyokuwa mpya, imekwisha.

Tumia koleo na glavu, kwa sababu metoli na haidrokwinoni huweza kuanzisha mzio wa ngozi usioondoka. Asidi humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Fiksa iliyotumika ina fedha iliyoyeyuka na hudhuru viumbe vya majini: ikusanye kwenye dumu na uipeleke panapopokelewa taka za kemikali. Kila dumu liandikwe jina la dawa na tarehe, na chupa za vinywaji zisitumike hata mara moja.